Mwaisha Anakigeuza Kibanda

Mwishoni mwa Oktoba, Muhidini alianguka kutoka kwenye mkorosho akavunjika mguu. Hospitali walimfunga plasta hadi gotini, na binti yake, Rehana, akataka akae kwake Magomeni mpaka apone. Mzee akagoma. Korosho zilikuwa bado zinadondoka, na ngedere hawamsubiri mgonjwa. Basi mkewe, Mwaisha, akarudi naye shambani, nyuma ya Msimbati, kwenye kibanda chao.

Kibanda kile kilikuwa cha kiangazi. Kuta za makuti ziliishia kiunoni ili hewa ipite, walilala juu ya mkeka mchangani, na mlango ulielekea kaskazini, maana upepo wa kusi huwajazia mchanga hadi kwenye ugali. Kila mwaka, kabla ya mvua, Muhidini ndiye aliyekigeuza kiwe cha masika. Safari hii alikaa juu ya gunia, magongo pembeni, akitoa amri.

"Mama Rehana, inua paa katikati, maji yasituame."

"Nimesikia."

"Na mtaro uanzie upande wa juu."

"Baba Rehana, miaka thelathini nakushikia kamba. Ulidhani nafumba macho?"

Mzee akacheka, kisha akainamisha kichwa. "Naona aibu," akasema. "Kazi yangu unaifanya wewe."

Mwaisha alisuka makuti mapya, akapandisha kuta hadi juu, akauziba mlango wa kaskazini, mvua inakotokea, na kufungua mwingine kusini. Akachimbia miti minne yenye panda, akatandika fito juu yake, kikawa kitanda kilichoinuka kutoka ardhini. Mwisho akalala juu yake, upande wa mumewe, akaangalia ukutani, akainuka na kukata kitundu.

"Cha nini?" Muhidini akauliza.

"Uone mikorosho yako ukiwa umelala."

Mzee alijifanya anafunga shuka lake, lakini macho yalikuwa yamelowa.

Mvua ya kwanza ilipiga Desemba, baada ya sala ya alasiri, na upepo wa kutoka kaskazini. Mtaro ukajaa, ukayapeleka maji bondeni. Ndani palikuwa pakavu, isipokuwa tone moja lililomwangukia Mwaisha begani, kisha jingine.

"Pale sikubana vizuri," akasema kwa uchungu.

Muhidini akasogea ukutani na mguu wake mzito, akampa nafasi kitandani.

"Njoo huku, fundi. Utabana kesho."

Simu ikaita. Alikuwa Rehana, sauti juu: "Mmelowa?"

"Mama yako kidogo," mzee akasema. "Nimemfunika."