Cherehani Isiyo na Sindano

Baba yangu, Mzee Twahiru, alishona nguo mtaani Biryogo kwa miaka arobaini, na mimi ndiye niliyemnyang'anya cherehani. Naanza kulisema mwenyewe, maana majirani wameshalisema vya kutosha.

Sababu nilikuwa nazo. Mwaka ule wa 1992 vita vilikuwa kaskazini mwa nchi na mjini kulikuwa na vizuizi vya askari. Baba alikuwa ameanza kusahau: kwanza majina ya wateja, kisha njia, kisha sisi wa nyumbani. Siku moja akabeba koti lililoshonwa nusu kumpelekea Mbelgiji mmoja wa mtaa wa Kiyovu, mtu aliyerudi kwao miaka kumi nyuma. Kizuizini wakamdai kitambulisho. Hakuwa nacho, na alipoulizwa jina lake alitabasamu tu. Tulimkuta saa kumi jioni amekalishwa barabarani, shavu limevimba. Nikatia kufuli langoni. Wiki mbili baadaye sindano ikamtoboa kidole pamoja na ukucha, nikamwita kaka yangu Shafiq aihamishie cherehani kwake Gisimenti. Baba alisimama barazani akitazama inavyopakiwa garini. Mimi nikajiona nimefanya la maana.

Kufikia Septemba hakuweza kusimama. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikasema ni ugonjwa unazidi, ni mapenzi ya Mungu. Nilitaka jambo moja tu: kabla hajaondoka duniani, anitazame na ajue kwamba mimi ni Umulisa, binti yake. Kila asubuhi nilimhoji, "Baba, mimi ni nani?" utadhani mwalimu mwenye fimbo. Yeye alifumba macho.

Kisha muuguzi Donatille akaja kusafisha kidonda kilichomtoka mgongoni kwa kulala. Alipofunua blanketi, mkono wake ukasita. Alikuwa anaitazama miguu ya baba: visigino vinashuka, vidole vinashuka, visigino tena, taratibu, bila kukoma.

"Huyu muzee alikuwa anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Na mashini iko wapi?"

Nikamweleza, tena kwa sauti ya mtu mwenye haki.

"Yewe, Umulisa," akasema. "Kichwa imesahau, lakini mwili bado iko kazini. Mulimukalisha bure, sasa na miguu itasahau. Toeni sindano, murudishe mashini."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nilimpakata palepale, mbele ya mgeni.

Shafiq aliirudisha kesho yake. Tulimketisha baba, tukamshikilia mgongo, nikauweka mguu wake juu ya pedali. Haukungoja kuambiwa. Gurudumu likazunguka, mikono ikapanda mezani na kukisukuma kitambaa chini ya mahali palipokuwa na sindano, na shingo yake, iliyokuwa imelala miezi mitatu, ikanyooka. Siku ya nne alishika kijiko mwenyewe. Kutembea ndiko kulikotushinda, kwani ukimwambia "Baba, tembea," aling'ang'ania kitanda. Donatille akanipa ncha mbili za shuka, nyingine mbili akamtia baba mikononi. Nikavuta kidogo. Fundi gani atakubali kitambaa kilegee? Akarudi nyuma hatua moja kukinyoosha, akaja mbele kukikunja, akarudi tena. Tulikunja shuka lile moja mwezi mzima.

Asubuhi moja ya Novemba nilimkuta amesimama barazani, tepu shingoni.

"Simama wima, mama," akaniambia.

Nikawaza: macho yamenisahau, lakini mikono hii itanitambua. Nikasimama. Akanipima bega kwa bega, akashuka mkono hadi kifundo, akageuza uso pembeni kwa adabu alipofika kifuani. Na kadiri mikono ilivyokwenda, sauti yake ya zamani ilirudi, ile ya kupiga soga na wateja.

"Una bega kama la binti yangu."

"Binti yako yupi, mzee?"

"Umulisa. Mkali huyo, usiombe mkutane!" Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka mwaka mzima.

"Basi mpime yeye, na nguo yangu itanikaa."

"Ah, huyo simpimi kwa tepu. Wateja ndio wanaopimwa. Mtoto wangu namjua kwa macho."

Akaizungusha tepu kiunoni mwangu, akaisoma namba kwa sauti.

Nililia, na sikuficha. Alinitazama kwa huruma, kama fundi aliyechelewesha nguo ya watu.

"Usilie, mama. Njoo Ijumaa, utaikuta tayari."

Ijumaa ilipofika nilimnywesha chai, nikamkalisha kwenye cherehani yake. Kisha nikatoka kwa mlango wa uani, nikazunguka nyumba, nikapiga hodi barazani. Akanikaribisha.