Kichupa Kilichotembezwa

Maabarani walimwita Kiguu na Njia, na asubuhi ile jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alifungua friji, akaifunga, kisha akaifungua tena kuhakikisha kwamba ameifunga.

Hofu yake ilikuwa moja. Profesa alikuwa amemwambia, kwa upole unaouma kuliko ukali, kwamba leo ikishindikana kazi itahamia meza ya pili kwa Kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyokata jeli zake za kupimia protini zikanyooka. Kiguu na Njia atabaki kuandaa sampuli za wenzake.

Kazi yenyewe ilikuwa kama upelelezi. Ndani ya kila chembe hai zimo protini walezi. Protini changa ikiwa bado haijajikunja ikapata umbo lake, mlezi huikumbatia isije ikajisokota na nyingine, kisha huiachia. Kiguu na Njia alitaka kuwafuma wawili hao wakiwa wameshikana: awachanganye, awaache watulie kwenye barafu, halafu awatilie dawa ya kuwafunga pamoja palepale walipo. Mara zote alizojaribu aliwakuta kila mmoja kivyake, kama watu waliogombana.

Alitayarisha vichupa viwili, mapacha kabisa, akavizika kwenye barafu. Ikabaki kusubiri. Akakaa. Akasimama. Akachomoa kichupa cha kwanza, akakiinua kwenye mwanga, ingawa alijua hakuna jicho linaloweza kuona kitu mle. Simu ikaita. Alikuwa dada yake, akitaka kujua, kama kawaida, iwapo amekula. Akazungumza naye huku akitembea mpaka mwisho wa korido na kurudi, kichupa kingali kiganjani.

Kinyozi alimtazama akiingia. "Ningekuwa mimi hiyo protini," alisema, "ningeshakuomba unishushe njiani."

Kiguu na Njia akacheka naye, kicheko cha mdomoni tu, akakirudisha kichupa kwenye barafu. Muda ulipofika alivitilia vyote dawa, akavipitisha kwenye jeli inayozitenga protini kwa uzito.

Profesa alikuja mwenyewe kutazama. Safu ya kichupa cha kwanza ilikuwa na mistari miwili: mlezi kivyake, mlelewa kivyake. Safu ya pili ilikuwa na mstari mwingine mnene, juu kabisa, mahali wanapokwama walio wazito kwa sababu wamebebana.

"Hivi viwili vina tofauti gani?" Profesa aliuliza.

Neno "hakuna" lilikuwa limeshafika ulimini. Angelisema, ungebaki mstari ule wa juu, na kazi ingebaki yake. Lakini jibu hilo lingeuacha ule wa kwanza bila maelezo, na angelala nao kichwani.

"Cha kwanza nilikitembeza," alisema. "Kilikuwa mkononi mpaka mwisho wa korido. Nadhani hata vile vya majaribio ya nyuma nilivishikashika."

Kinyozi aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Profesa hakucheka. Alisema mlezi akipata joto huharakisha kazi: anashika, anaachia, na dawa ikifika inakuta ameshaondoka. Akainamia tena jeli.

"Sasa utavipasha moto kwa makusudi," alisema. "Kidogo kidogo. Tujue anaanza kuachia wapi."

"Mimi?"

"Nani mwingine mwenye mazoea? Anza kesho, barafu mpya ikija."

Kesho. Kiguu na Njia aliosha vyombo vyake, kisha akaosha na visivyokuwa vichafu. Akatazama saa. Hata mchana ulikuwa bado haujafika.