Usingizi wa Chiriku

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa fundi cherehani, na siku aliyoanguka juu ya meza ya kukatia vitambaa alikuwa katikati ya umbea. Hospitali wakasema mshipa umepasuka kichwani, damu imevujia kwenye ubongo. Akalazwa. Mama yake akaketi kando ya kitanda.

Asubuhi daktari alikuja na mashine ya ultrasaundi, ile ile wanayotazamia mimba. Akamwambia Chiriku afumbe macho, akampaka jeli juu ya kope, akapitisha kifaa chake taratibu.

Mama akashangaa. "Samahani, daktari. Mwanangu hana mimba, na hata angekuwa nayo, isingekaa machoni."

Daktari akacheka. "Natazama nyuma ya jicho, mama. Mchana nitarudi nilinganishe."

Nyuma ya jicho kuna nini? Mama hakuuliza. Aliona haya, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Mama mwenzangu unayesoma hapa, kosa lilianzia hapo.

Asubuhi nzima Chiriku alilalamika kuwa kichwa kinamuuma, akatapika, akawa anageuka huku na huku. Mchana akatulia. Akalala fofofo, tena kwa kukoroma. Mama akashusha pumzi, akamfunika shuka, akawa anafukuza hata nzi. Daktari aliporudi na mashine yake, alimkuta mama amesimama mbele ya pazia la kitanda, mikono kiunoni.

"Mwache apumzike, baba. Ndiyo kwanza amepata usingizi. Mgonjwa anaumwa kichwa, nyie mmeng'ang'ania macho! Hamjamchanganya na mwingine kweli?"

Daktari akafungua mdomo amjibu, lakini muuguzi akaja mbio kumwita: mgonjwa wa kitanda cha mwisho amezidiwa. "Narudi sasa hivi, mama, lazima nimwone!" Akaenda. Mama akajiona ameshinda.

Mara wifi yake akaingia, shangazi yake Chiriku, aliyemlea wakilala chumba kimoja.

"Huyu ni Chiriku anayekoroma, au mmelaza trekta humu?"

"Shh! Usimwamshe, wifi. Amechoka."

"Amechoka nini! Mimi huyu nimelala naye tangu mdogo, hajawahi kukoroma." Akamwita. Akamtikisa bega. Akamfinya. Kimya. Alipouinua mkono wake na kuuachia, ukaanguka kama kitambaa.

Mama akamwita kwa jina la utotoni, akamwita tena. Kisha akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki chini ya kitanda. "Daktari! Njoo na mashine yako ya macho!"

Daktari akapima jicho la kulia, akapima la kushoto. "Limevimba kuliko asubuhi."

"Nini kimevimba?"

"Mshipa wa fahamu wa jicho umevaa kama koti, mama, na koti hilo limeungana na maji yanayouzunguka ubongo. Kichwani kukibana, koti linavimba. Huu si usingizi. Anapoteza fahamu."

Wakampiga picha ya kichwa, kisha moja kwa moja chumba cha upasuaji, wakatoe maji yaliyojaa kichwani baada ya damu kuyazibia njia. Mama akabaki kwenye korido, maneno yakimzunguka: jicho, koti, maji. Alikuwa anamlinda mwanawe, au alikuwa anamzuilia msaada?

Chiriku alirudishwa na bomba kichwani, amefumba macho. Daktari akapaka jeli tena. Mama akajibanza ukutani ili asimzibe mtu njia.

"Koti?"

"Limepungua. Bado tunamwangalia."

"Na huu usingizi wa sasa?"

"Huu ni wa dawa. Tumemlaza wenyewe."

Mama akamkazia macho binti yake. Uso ulikuwa ule ule wa mchana, umetulia vile vile. "Sasa mimi nitajuaje upi ni upi?"

"Kwa kumtazama tu hutajua, mama. Ndiyo maana tunapima."

Akaitikia, ila macho yake mwenyewe hakuyaamini tena. Tangu hapo, kila muuguzi aliyepita karibu na kitanda alishikwa mkono: "Mwanangu, hebu mwangalie tena."