Don Rufino Mlangoni

Edilberto Ccente alikuwa ametengeneza filamu kadhaa za kutisha, na mji mzima wa Huanta, katika milima ya Peru, ulikubaliana kwamba hakuna mchekeshaji wa kumfikia kutoka hapo hadi Ayacucho. Watu walitoka ukumbini wakijifuta machozi, wakimshika mkono na kumwambia hawajacheka hivyo tangu harusi ya mwaka jana. Naye alishukuru. Angefanya nini? Mtu akikupongeza kwa jambo ambalo hukukusudia kulifanya, unashukuru, unakwenda nyumbani kugeukia ukuta.

Mkewe, Nilda, ambaye mikate yake ndiyo iliyolisha nyumba na kamera pia, safari hii alichoka. Alimwambia apige picha zake, amalize, awaonyeshe watu Jumapili.

"Lakini nikisikia ukumbi unacheka," alisema, "Jumatatu kamera inauzwa, na wewe unaingia kukanda unga. Tena usiniletee habari za sanaa."

Edilberto akaapa mbele ya mama yake, bi Saturnina, aliyeishi nao na aliyekuwa pembeni akipukuchua mahindi. Kuapa ni rahisi. Usiku alilala macho. Bila kamera ile alikuwa nani? Mkandaji, tena mkandaji mbaya: mara moja tu Nilda alipomwachia tanuri, mikate ilitoka migumu mpaka mbwa akainusa na kwenda zake.

Basi akapiga moyo konde, akatunga filamu ya visa vitatu, akaiita *Vilio Vitatu vya Bonde*. Hesabu yake ilikuwa kwamba kisa kimoja kikianguka, viwili vitakibeba. Hakuwaza kwamba vitatu vyaweza kuanguka pamoja, kama walevi walioshikana mabega.

Kilichomponza ni wadhamini. Kwao huko hakuna jambo linalokwenda bila wadhamini. Harusi ina mdhamini wa keki, mdhamini wa bendi, mdhamini wa bia, na kila mmoja hutajwa na kupigiwa makofi. Edilberto, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, akatafuta wake: mdhamini wa kanda, mdhamini wa chakula, mdhamini wa jenereta, hata mdhamini wa damu, muuza nyama wa sokoni. Lakini mdhamini ana haki zake. Lazima aonekane, tena aonekane nadhifu. Na kati yao hakupatikana hata mmoja aliyekubali kufa. Walimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba anayelala jenezani kwa mchezo huamka akiwa humo kwa kweli. Ndiyo sababu filamu ya kutisha ya Edilberto haikuwa na maiti hata mmoja, ukiacha simbilisi waliochomwa kwa ajili ya chakula cha mchana.

Jumapili alasiri ukumbi wa parokia ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na mbele likatundikwa pazia jeupe la kuonyeshea filamu. Edilberto alikaa karibu na mashine ya kuonyeshea, kamera begani, Nilda kushoto kwake, mama yake kulia.

Kisa cha kwanza kilimhusu Mnyonya Mafuta, yule anayewavizia wasafiri milimani, kuwachinja na kuuza mafuta ya miili yao. Aliyemwigiza ni daktari wa meno, mdhamini wa kanda, aliyekuwa amekataa katakata kushika kisu kwa kuwa Jumatatu ana wagonjwa. Kwa hiyo juu ya pazia Mnyonya Mafuta aliruka kutoka nyuma ya mwamba, akamkamata msafiri, akamtazama mdomoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamwachia. Ukumbi uliangua kicheko.

Kisa cha pili kilikuwa cha mwanamke ambaye kichwa chake hukatika shingoni na kuruka usiku. Kichwa kilikuwa cha bi Eduviges, mdhamini wa chakula, ambaye kabla ya kuruka alikwenda kwanza saluni. Kilipita juu ya mapaa kikining'inia kwenye kamba ambayo hata kipofu angeiona, nywele zimetengenezwa vizuri, na kilipofika juu ya nyumba ya dada yake kikatabasamu. Watu walipiga miguu sakafuni. Nilda peke yake hakucheka. Alimtazama mumewe kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko vicheko vyote. Edilberto alianza kusikia harufu ya hamira.

Kikaja cha tatu, cha Mlaaniwa: marehemu ambaye ardhi imemkataa, hurudi kubisha mlango wa nyumba yake akitaka chakula, na baada ya chakula huwataka wenyeji. Nafasi hiyo ilikuwa ya don Rufino, mdhamini wa jenereta. Edilberto alikuwa amemchanganyia unga na rangi ili aonekane ameoza.

"Mimi nabeba sanamu ya mtakatifu kwenye maandamano ya Pasaka," don Rufino alimwambia, "halafu nioze mbele ya watu?"

Bila uso wa kuonyesha, Edilberto alipiga picha ya mlango. Mlango mtupu, kutoka ndani, na mwanamke ameketi akiutazama, ameipa kamera mgongo. Mlango unabishwa. Mwanamke anapuliza mshumaa. Kimya. Unabishwa tena. Edilberto aliuacha mlango ule muda mrefu sana, kwa sababu moja tu ya kisanii: hakuwa na kitu kingine.

Ukumbi ukanyamaza.

Mwanzoni moyo wake ulirukaruka kwa furaha. Akamshika Nilda mkono, akamnong'oneza kwamba wanaogopa, asikilize, wanaogopa kweli. Kisha akageuka kuwatazama hao walioogopa, na furaha ikamkauka. Vijana hawakuwa wakitazama pazia, walikuwa wakiwatazama wazazi wao. Mzee mmoja mstari wa mbele alikuwa amevua kofia na kuikumbatia kifuani. Upande wa kulia alisikia sauti ya mama yake, ndogo, ya mtu anayeongea na mtu aliye karibu.

"Usimfungulie."

Hapo ndipo alipojua alichofanya. Ulikuwa mlango wa nyumba yao ya zamani kule juu milimani. Ndio uliobishwa katika miaka ile ya vita, ambayo mlango ukibishwa usiku hukujua kama ni wanajeshi au ni wale wengine, waasi, na kujua hakungesaidia kitu. Baba yake aliufungua akiwa na kiatu kimoja mguuni, wakaondoka naye, hakurudi tena. Edilberto alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, hakumbuki chochote. Na kati ya milango yote ya bonde, yeye, msanii, alichagua ule kwa sababu ulikuwa wa bure.

Aliinuka kwenda kuizima mashine, akajikwaa kwenye miguu ya watu, akaanza kuomba radhi huku na huku, na hakuwahi. Juu ya pazia mlango ulifunguka.

Akaingia don Rufino. Amevaa kofia mpya na amenyoa ndevu. Akapangusa viatu kizingitini kwa makini, maana mwenye nyumba si wa kuchezewa, akavua kofia.

"Habari za jioni," alisema Mlaaniwa. "Supu imebaki?"

Kicheko kilichofuata Edilberto hakuwahi kukisikia katika filamu zake zote. Wazee ndio waliokianza. Yule wa mstari wa mbele alijipiga mapaja kwa kofia yake. Bi Saturnina alicheka kwa mdomo wazi, mkono kifuani, mpaka Nilda akamshika asianguke kitini.

Nje jua lilikuwa bado lipo. Don Rufino alisimama mlangoni akipokea pongezi kama bwana harusi. Edilberto hakungoja kuambiwa. Alimwambia Nilda kwamba kesho asubuhi ataipeleka kamera sokoni, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, ule mlango. Sikufikiri."

"Mlango ule nauota kila mara, mwanangu," alisema bi Saturnina. "Unabishwa, naamka kabla haujafunguliwa. Miaka yote hii sijawahi kuona nani anaingia." Akajifuta macho kwa ncha ya shali. "Kumbe angeweza kuwa Rufino."

Wakatembea kidogo. Kisha mama akauliza kama kesho wataonyesha tena. Visa viwili vya kwanza alisema vinachosha, hana haja navyo. Yeye alitaka cha mlango tu.

Nilda alimtazama mkwewe, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa amesimama katikati ya njia ameikumbatia kamera.

"Basi nenda kamwombe padri ukumbi," alisema. "Unga nitaukanda mwenyewe."