Kiti Kipya cha Mazoezi

Dobi alifika kituo cha afya mapema, bintiye mgongoni, shingo ya mtoto imelegea begani kwake kama kawaida. Mtoto alikuwa na miaka minne na hajawahi kukaa mwenyewe. Mwaka na nusu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mazoezi ya viungo, na kila mwezi karani alisema neno lile lile: mtaalamu hajaletwa. Safari hii karani mwenyewe ndiye aliyetuma mtu amwite.

"Umemvalisha vizuri, mama," karani alisema, akimkagua mtoto kama anayechagua kitambaa dukani. "Analialia?"

"Akiona wageni, kidogo."

"Mbembeleze basi. Leo hatutaki kelele."

Chumba kilinuka rangi mbichi. Mipira mikubwa na magodoro ya sponji yalikuwa bado ndani ya nailoni. Katikati palikuwa na kiti cha mbao chenye mikanda na kimeza mbele. Mwanamke mwenye koti jeupe, lenye mikunjo ya dukani, alimpokea mtoto, akamfunga mkanda kifuani, akamwekea mito kichwani huku na huku.

Shingo ikasimama.

Dobi alijishika mdomo. Mtoto alikuwa amekaa, anatazama mbele kama watu wote. Akainua mkono unaotetemeka, akapiga meza. Pa! Akaishangaa sauti yake. Akapiga tena, akacheka.

"Daktari, umeona? Ameweza!"

"Mimi si daktari, dada," mwanamke alinong'ona bila kumtazama. "Mimi ni wa mapokezi. Koti wamenivisha tu."

Wageni, wafadhili wa mradi, wakaingia, wakapiga makofi. Kamera zikamulika. Mkuu wa kituo akachuchumaa, akamshika mtoto mkono, akatabasamu mpaka alipoambiwa inatosha. Dakika tano, hazizidi. Wakatoka.

"Mfungue," karani alisema. "Kundi la pili la wageni linataka mtoto mwingine."

"Na mazoezi yanaanza lini, bwana?"

"Mtaalamu akiletwa."

"Mwacheni basi akae kidogo. Viungo vyake vinakaza. Siku hizi hata kumvika nguo ni kazi."

"Kiti ni mali ya mradi, mama."

"Mradi si wa hawa watoto?"

Karani alirudisha mlango, akashusha sauti. "Unataka jina lake libaki kwenye orodha, au hutaki?"

Dobi alifungua mikanda mwenyewe. Mtoto aliing'ang'ania meza. Ikabidi mama avibandue vile vidole, kimoja baada ya kingine. Shingo ikaanguka.

Kwenye korido akina mama wengine walikuwa wamejipanga kwenye benchi, watoto mapajani, wamepakwa mafuta wanang'aa. Wa kwanza, msichana ambaye hata miaka ishirini hajatimiza, alimvuta Dobi nguo.

"Dada, nimetoka mbali. Ni kweli wameanza kuwatibu?"

Dobi aligeuka. Karani alikuwa amesimama mlangoni, kalamu mkononi, amemkazia macho.

"Wameanza," Dobi alisema.

Msichana akambusu mwanawe kwenye paji la uso, akaingia naye ndani mbiombio.