Kobe Asiyejua Hodi

Ansbert, fundi makochi wa Keko, alikuwa na kichwa kigumu, na ukimwambia hivyo atakuuliza kama ndiwe uliyekiumba. Wenzake wakifunga jioni, yeye anabaki na kobe wake wa mbao. Si kobe wa kuwauzia watalii, hata! Huyu ana mota ndogo tumboni na maiki shingoni, mambo ambayo Ansbert alijifunza mwenyewe kwenye simu. Akisikia neno lake, gamba linafunguka vipande vipande, mabawa yanatoka, anakuwa njiwa.

Neno lenyewe ni "nimerudi." Watoto wa jirani yake Hamisa wakitoka shule huingia kwao wakilipaza, basi akawarekodi mpaka kobe akazoea sauti za watoto. Yeye hana wa kumwambia neno hilo. Tangu Rosalia, aliyekuwa mkewe, aondoke na binti yao Flaviana na kuolewa Mbweni, chumba chake nyuma ya karakana kimekuwa kimya mpaka kinaudhi.

"Siku mwanangu akiingia na kusema nimerudi, utamwona huyo njiwa," alimwambia Hamisa.

"Si umfundishe tu hilo neno?"

"Akifundishwa halina maana."

Kichwa kigumu, nilishasema.

Jumapili mtoto akaletwa. Akasimama mlangoni na gauni lake la kanisani.

"Hodi!"

Jamani! Mtu anapiga hodi kwa baba yake? Moyo ulimuuma Ansbert, akaitikia "karibu" kama anavyoitikiwa mgeni yeyote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Huyu kobe wako. Ongea naye, atageuka."

Flaviana akampigia hodi. Akamwamkia. Akambembeleza, akamwimbia, akamgongagonga gambani. Wapi! Kobe kimya.

"Baba, ameharibika?"

Neno lilishamfika Ansbert mdomoni, akalimeza.

"Bado sijamaliza kumtengeneza."

"Pole, baba," mtoto akasema kwa adabu, akamrudisha kobe mezani.

Baada ya kula, honi ikalia nje. Flaviana akashukuru kwa chakula, akaaga, akaenda. Ansbert akabaki na sahani mbili chafu, anajilaumu. Kwani angemnong'oneza tu, angekufa? Alitamani kulia, na hapakuwa na mtu wa kumwona, lakini hata hilo akajinyima.

Alikuwa anaosha vyombo simu ilipoita. Mikono ina sabuni, akaiweka spika pale mezani.

"Baba, tumefika. Asante kwa wali."

"Haya mama. Utakuja lini tena?"

Mtoto alishateremka garini na simu mkononi. Viatu vikasikika vinakimbia, mlango ukafunguliwa.

"Mama, nimerudi!"

Mezani, gamba la kobe likafunguka kipande kwa kipande, na njiwa akakunjua mabawa.