Karatasi ya Kwanza Ukutani

Mkurugenzi wa Idara ya Maji alikuwa mtu wa ratiba. Hata harusi ya bintiye, wanasema waliohudhuria, ilikuwa na kipengele cha "neno la shukrani, dakika tatu", na bwana harusi alipoingia dakika ya nne alikatwa kauli. Kwa hiyo afisa habari wake alipompelekea mpango wa mkutano usio na ratiba, usio na mgeni rasmi wala risala, alizisoma zile kurasa mbili, akazigeuza nyuma kutafuta kilichobaki, kisha akamuuliza kama alikuwa na homa.

Hakuwa na homa. Ofisini walimwita Bi Ukurasa, kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kulea ukurasa wa idara kwenye mtandao wa kijamii: kutangaza maji yatakatika lini, kuweka picha za Mkurugenzi akifungua bomba, na kuwajibu wananchi. Kuwajibu ni namna ya kusema tu. Alikuwa na jibu moja, alilolirithi kwa aliyemtangulia, alilolinakili na kulibandika chini ya kila lalamiko: "Asante kwa maoni yako. Tumeyapokea na yanafanyiwa kazi." Alilibandika hata mara arobaini kwa siku, na alikuwa amelichoka kuliko wananchi wenyewe.

Mpango wake ulikuwa hivi. Wakusanyike wote wanaotunza kurasa za serikali, wa afya, wa ardhi, wa barabara, wa leseni, pamoja na mwananchi yeyote atakayependa kuja. Ukuta mmoja wa ukumbi uachwe mtupu, umechorwa tu mistari ya saa na vyumba. Mwenye jambo aliandike kwenye karatasi, alibandike, na papo hapo awe ndiye mwenyeji wa mazungumzo hayo. Karatasi ikishabandikwa, hakuna wa kuibandua isipokuwa aliyeiandika. Na kila mwenyeji, wakimaliza, aandike walichokubaliana, kiwekwe kwenye ukurasa wa idara kama kilivyo, bila kupunguza hata nukta. Mkurugenzi alikuna kichwa. Lakini wakubwa zake walikuwa wamesema wanataka mambo mapya, na yeye hakupenda idara nyingine imtangulie. Akatia saini.

Kuna jambo moja ambalo Bi Ukurasa hakuliandika kwenye kurasa zile.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa dobi. Alikuwa na mashine mbili ndani na kamba nane nyuma ya nyumba, na mteja wake mkubwa alikuwa zahanati ya jirani, iliyomletea makoti meupe ya wauguzi na mashuka. Miezi mitatu iliyopita maji ya bomba yalitoka na kutu, na makoti kumi na sita yakatoka kwenye mashine yakiwa na rangi ya chai. Dobi hakupiga kelele. Alipiga picha makoti na ndoo ya maji, akaiweka kwenye ukurasa wa idara, kisha akamwambia msimamizi wa zahanati aende akajionee mwenyewe, ameiweka hadharani. Mkurugenzi aliiona mapema. Alimtumia Bi Ukurasa neno moja: futa. Bi Ukurasa akafuta. Msimamizi alipofungua ukurasa alikuta bomba jipya na watu wanaopiga makofi. Akakata shauri kwamba dobi ni mwongo, tena wa kuisingizia serikali, na makoti yakahamia kwingine. Maneno yana miguu. Wateja wengine nao wakaanza kupungua.

Jumapili iliyofuata wifi alikuja kula nao kama kawaida, akalia mbele ya sahani. Aliwalaani hao wakubwa walioifuta picha yake, akidhani kazi ya Bi Ukurasa ni kutangaza tu. Bi Ukurasa alimshika mkono, akamwambia atalifuatilia. Tangu hapo kila Jumapili wifi aliuliza limefikia wapi, na kila Jumapili Bi Ukurasa alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mara barua iko njiani, mara mhusika yuko likizo. Aliona aibu. Mkutano ule aliubuni kwa ajili hiyo, ingawa alijiambia ni kazi tu: alitaka mtu mwingine, wa ardhi au wa barabara, asimame aseme kwamba na sisi huwa tunafuta, ili na yeye apate pa kupitia.

Siku ilipofika walikuja watu sitini. Viti vilipangwa duara, lakini baada ya dakika chache duara lilikuwa limeota mbele na nyuma: wakubwa huku, wadogo kule. Bi Ukurasa alieleza utaratibu, akaonyesha karatasi, kalamu na gundi, akawakaribisha ukutani. Hakuna aliyeinuka. Hao ni watu waliofundishwa miaka ishirini kutosema kabla ya mkubwa hajasema, na ukuta mtupu uliwatoa kijasho chembamba. Afisa wa Ardhi aliuliza kama karatasi zinaombwa kwa barua. Watatu waliandika mada zao kwenye daftari, wakaenda kumwonyesha Mkurugenzi aziidhinishe kwanza. Mkurugenzi naye alikuwa akitupia jicho mlangoni, anamsubiri mgeni rasmi ambaye hakuna aliyemwalika. Nusu saa ilikatika namna hiyo.

Aliyeingia mlangoni alikuwa wifi. Hakuambiwa na mtu. Alilisoma tangazo kwenye ukurasa, lile lile aliloliweka Bi Ukurasa kwa mkono wake. Alisoma masharti yaliyobandikwa mlangoni, polepole, mpaka mwisho. Kisha akavuka ukumbi mbele ya vyeo vyote vile, akachukua karatasi na kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika juu kabisa: NANI ANAFUTA MAONI YETU? Saa nne, chumba cha pili.

Kwa kuwa sasa kulikuwa na wa kwanza, wote wakainuka. Robo saa haikupita, ukuta ukajaa, na wawili wakawa wanagombea nafasi ya saa tano.

Mkurugenzi alimwita Bi Ukurasa kwa kidole mpaka pembeni, akasema ile ya juu itoke. Alipokumbushwa kanuni alijibu kwamba anaijua, saini ni yake.

"Basi aitoe mwenyewe," alisema. "Si ni wifi yako? Kamwambie."

Aliongeza, kwa sauti ya mtu anayetangaza katizo la maji, kwamba masjala kuna upungufu wa watumishi na barua ya uhamisho haimalizi dakika kumi kuchapwa. Masjala ya idara ile ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha, na waliopelekwa huko hawakuwahi kupanda tena.

Bi Ukurasa alimkuta wifi chumba cha pili anapanga viti. Alikuwa ameshapanga kumi na viwili, na anaendelea. Bi Ukurasa alimweleza kwamba Mkurugenzi anaomba karatasi iondolewe.

Wifi aliweka kiti chini. "Na wewe unasemaje? Ukiniambia wewe niitoe, wifi, naitoa sasa hivi. Kwenye jambo hili sina mtu mwingine aliyenisimamia."

Hapo ndipo angeweza kusalimika. Neno moja tu, na karatasi ingetoka, na Jumapili wangekula pamoja, na barua isingechapwa. Bi Ukurasa alilisikia lile neno limefika mdomoni kabisa, na akajichukia kwa jinsi lilivyokuja upesi.

"Iache," alisema.

Saa nne viti havikutosha. Watu walisimama mpaka mlangoni, na Mkurugenzi nyuma yao, mikono mgongoni. Wifi alisimulia habari ya kutu, ya makoti na ya picha, bila kupandisha sauti, kama anayemweleza mteja doa lilikotoka. Kisha akawasomea swali lake. Watunza kurasa wote wa serikali wakaanza kuangalia viatu vyao. Huyo mtu wa ardhi au wa barabara aliyesubiriwa na Bi Ukurasa hakutokea.

"Ni mimi," Bi Ukurasa alisema.

Wifi aligeuka akimtazama kana kwamba amekosea chumba. "Wewe umefanyaje?"

"Picha yako niliifuta mimi, wifi. Niliagizwa, lakini kidole kilikuwa changu."

Wifi hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama siku ile alijua picha ni ya nani. Bi Ukurasa akajibu kwamba jina lilikuwa pale juu, na alilisoma.

Afisa wa Ardhi akakohoa, akasema yeye hufuta kila Ijumaa, kwa mkupuo. Wa Barabara akasema yeye hafuti, huwafungia watu kabisa. Kijana wa Leseni akakiri kwamba aliwahi kumfungia mama yake mzazi. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Yalisemwa mengi saa ile, na Mkurugenzi aliondoka kabla hayajaisha.

Chumba kilipobaki kitupu wifi aliandika karatasi yake ya mwisho, akaikunja, akamkabidhi bila kumtazama. Picha akamtumia kwenye simu.

"Jumapili utakuja?" Bi Ukurasa aliuliza.

"Nitakuja. Pale ni kwa kaka yangu."

Akaenda zake, alikuwa na nguo za kuanua.

Bi Ukurasa aliifungua karatasi. "Swali: nani anafuta maoni yetu? Jibu: wifi yangu, kwa agizo la bosi wake. Picha naiweka tena. Tumekubaliana isifutwe." Aliisoma mara mbili. Alijua mji mzima utaisoma, na mumewe pia, na kwamba hakuna mahali pa kujificha ndani ya maneno yale. Kama kilivyo, alikuwa ameandika mwenyewe kwenye mpango, bila kupunguza hata nukta. Akaichapa, akaweka picha chini yake, akabonyeza.

Dakika sita baadaye simu ilitetemeka mezani. Alikuwa Mkurugenzi, na neno lake lilikuwa lile lile: futa.

Bi Ukurasa alilitazama kidogo. Kisha akafanya kile alichokuwa akikifanya mara arobaini kwa siku, akanakili na kubandika: "Asante kwa maoni yako. Tumeyapokea na yanafanyiwa kazi." Akalituma jibu hilo, akaenda kutafuta boksi la kubebea vitu vyake mpaka chini ya ngazi.